Kenya: Mwalimu mkuu, daftari la mahudhurio na ushahidi wa watafiti

Katika shule kadhaa za msingi nchini Kenya, walimu wakuu waliwahi kukabidhiwa kazi iliyoonekana nyepesi. Shule zao zilikuwa na madarasa ya awali, na wao ndio waliotakiwa kuandika siku ambazo walimu wa madarasa hayo walifika kazini. Muhula ukiisha, mwalimu mwenye mahudhurio mazuri angepewa zawadi ya baiskeli. Kwa yule asiyestahili, fedha za zawadi zingebaki shuleni, zitumike kwa jambo lolote ambalo mwalimu mkuu na kamati ya shule wangeona linafaa.

Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2001 ya wanauchumi Michael Kremer na Daniel Chen, walimu wakuu waliwapa walimu wote zawadi kamili. Hakuna aliyenyimwa. Tatizo ni kwamba watafiti walikuwa na hesabu yao ya pembeni, iliyotokana na ziara za kushtukiza shuleni. Hesabu hiyo ilionyesha kuwa utoro wa walimu katika shule zilizoingizwa kwenye mpango ulikuwa sawa na utoro katika shule ambazo hazikuahidiwa chochote. Zawadi zilitoka, mahudhurio yakabaki yalivyokuwa.

Kisa hicho kina umri wa zaidi ya miaka 20, lakini kinafaa kurejewa sasa, wakati mzigo wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi nchini Kenya umeongezeka kuliko ulivyopata kuwa. Tangu Januari 2023, gredi ya saba, na baadaye ya nane na ya tisa, zimewekwa ndani ya shule za msingi kwa mujibu wa mtaala wa umilisi. Mtu mmoja anaongoza watoto wa miaka minne na vijana wa miaka kumi na minne, walimu wenye vyeti na walimu wenye shahada, walioajiriwa kwa masharti ya kudumu na wanagenzi wa mkataba. Kila anayemtembelea, awe afisa wa elimu, mwezeshaji wa semina au mfadhili, humwambia kuwa utafiti umethibitisha jambo fulani na kwamba yeye ndiye wa kulitekeleza.

Utafiti mwingi umefanyika katika shule za Kenya, hasa katika maeneo ya Busia na Teso, mpakani na Uganda. Kremer, Mmarekani aliyewahi kufundisha kwa mwaka mmoja katika wilaya ya Kakamega akiwa kijana, alishirikiana na shirika moja la misaada kutoka Uholanzi kuanzisha majaribio ambamo shule zilizoanza kupata msaada zilichaguliwa kwa bahati nasibu, ili zilinganishwe na zile ambazo zamu yao haikuwa imefika. Mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa mbinu hiyo. Shule za kawaida kabisa, zenye paa za mabati na uwanja wa vumbi, zikawa miongoni mwa shule zilizochunguzwa zaidi barani Afrika. Walimu wakuu waliofungua milango kwa ajili ya kazi hiyo hawatajwi sana.

Kwa nini baiskeli zilikwenda kwa wote

Tafsiri ya haraka ya kisa cha baiskeli ni kwamba walimu wakuu walidanganya. Huenda ni kweli, ila tafsiri hiyo haimsaidii yeyote anayetaka kuongoza shule. Mwalimu wa darasa la awali wakati huo hakuwa mtumishi wa serikali. Alilipwa ujira mdogo uliotokana na karo za wazazi. Mara nyingi alitoka kijiji kile kile ilipo shule, akasali kanisa moja na wenzake, akamfundisha mtoto wa mwalimu mkuu au wa jirani yake. Kumnyima baiskeli ni kununua ugomvi utakaovuka uzio wa shule. Kumpa hakumgharimu mwalimu mkuu kitu mfukoni, kwa sababu fedha zilitoka kwa wafadhili. Aliyepoteza ni mtoto wa miaka mitano aliyekuta darasa halina mwalimu, naye hana kalamu ya kuandika kwenye daftari la mahudhurio.

Banerjee na Duflo waliposimulia kisa hiki baadaye, walikiweka kando ya kingine kutoka Rajasthan, India. Huko shirika la Seva Mandir liliwapa walimu wa shule zenye mwalimu mmoja kamera iliyoandika tarehe na saa kwenye picha. Mwalimu alipigwa picha na wanafunzi wake asubuhi na jioni, na mshahara ukalipwa kwa hesabu ya picha hizo. Utoro ulipungua kwa nusu. Wako wanaotumia kisa hicho kudai kuwa mashine hufanya kazi ya mwalimu mkuu vizuri zaidi. Wanasahau kuwa katika shule zile hapakuwa na mwalimu mkuu, na kwamba nguvu haikuwa ya kamera peke yake: shirika lilikuwa tayari kukata mshahara kila mwezi bila kumwonea haya mtu. Kamera ikipelekwa katika shule ambayo hakuna atakayechukua hatua juu ya picha, itapiga picha tu.

Mwalimu yupo uwanjani

Ukubwa wa tatizo ambalo walimu wakuu hutakiwa kulimaliza ulipimwa na Benki ya Dunia na washirika wake katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 na Tessa Bold na wenzake yalionyesha kuwa mtoto wa darasa la nne hupata kwa wastani saa mbili na nusu hivi za kufundishwa kwa siku, chini ya nusu ya muda uliopangwa. Kwa wastani wa nchi hizo, walimu hawakuwemo darasani kwa asilimia 44 ya muda waliotakiwa kuwemo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya walimu hao hawakuwa wamebaki nyumbani. Walikuwa shuleni. Wengine ofisini, wengine chini ya mwembe wakisahihisha madaftari, wengine wakizungumza na mzazi aliyekuja kulalamika. Mwalimu aliyesafiri au aliye mgonjwa ni suala ambalo mwalimu mkuu hana uwezo nalo mkubwa, lakini mwalimu aliye hatua 40 kutoka darasani kwake ni suala la mwalimu mkuu hasa. Hapa utafiti unasema jambo ambalo daftari la mahudhurio haliwezi kulisema, maana daftari hutiwa saini asubuhi, langoni au ofisini. Linathibitisha kuwa mtu amefika. Halithibitishi kuwa kipindi cha nne kilifundishwa.

Ipo pia sababu inayomweka mwalimu mkuu mwenyewe mbali na madarasa. Katika shule nyingi za msingi anafundisha vipindi vyake, anaandika taarifa za wizara, za Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, na za kaunti, anapokea wageni, anasimamia ujenzi na kufuatilia fedha. Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 za Kenya kwa mwaka, na kwa mwanafunzi wa sekondari msingi ni shilingi 15,042. Fungu la kwanza halitoshi, la pili huchelewa, na yote mawili yanadai hesabu zake. Mwalimu mkuu anayekwenda benki mara tatu kwa wiki hawezi kujua kilichofundishwa gredi ya pili.

Ndugu wa mwalimu, na wazazi kwenye kamati

Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, madarasa ya kwanza nchini Kenya yalifurika. Miaka miwili baadaye, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walianza jaribio lingine magharibi mwa nchi. Kamati za wazazi katika shule 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba wa muda mfupi, kwa takriban robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali, ili darasa la kwanza ligawanywe. Wastani wa wanafunzi kwa mwalimu ulishuka kutoka 82 hadi 44.

Mtu angetarajia kila mtoto anufaike. Haikuwa hivyo. Waliofundishwa na walimu wa mkataba walisonga mbele, kwa kuwa walimu hao walifika kazini zaidi. Waliobaki na walimu wa serikali hawakupata faida ya maana, ingawa darasa lao lilikuwa limepungua karibu nusu, kwa sababu baadhi ya walimu hao walipunguza juhudi walipoona kuna msaidizi. Juu ya hilo, takriban theluthi moja ya nafasi za mkataba zilichukuliwa na ndugu wa walimu waliokuwepo. Hakuna mwalimu mkuu wa Afrika Mashariki atakayeshangazwa na takwimu hiyo.

Jambo lililobadilisha mambo halikuwa karipio kutoka wizarani. Katika baadhi ya shule, wajumbe wa kamati walipewa mafunzo mafupi ya namna ya kuwasaili waombaji, kumfuatilia mwalimu wa mkataba na kupima kazi yake kabla ya kuongeza mkataba, na wazazi walipewa jukumu la kukagua mahudhurio. Katika shule hizo upendeleo wa ndugu ulipungua, na kulegea kwa walimu wa serikali kukapungua pia.

Ukiliweka jaribio hili kando ya lile la baiskeli, somo lake kwa mwalimu mkuu ni la faraja kidogo. Alipoachwa peke yake kati ya mwalimu na zawadi, alitoa zawadi. Wazazi walipokuwa mezani wakiwa na maswali yaliyoandaliwa, uamuzi haukuwa tena uadui baina ya watu wawili. Mwalimu mkuu anaweza kumwambia shemeji yake kwamba kamati imeamua, na ikawa kweli. Kwa kawaida wakuu wa shule huiona kamati, ambayo leo nchini Kenya ni bodi ya usimamizi chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kama chombo cha kuidhinisha bajeti na kuchangisha fedha. Jaribio hili linaonyesha kuwa bodi inaweza pia kuwa ukuta wa kuegemea, mradi wajumbe waelezwe cha kutazama. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuhesabu siku ambazo darasa la mtoto wake halikuwa na mwalimu.

Mkataba ule ule, matokeo mawili

Mpango wa walimu wa mkataba ulipanuliwa. Serikali ya Kenya iliajiri takriban walimu 18,000 kwa masharti hayo, na sambamba na hatua hiyo Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu, Alice Ng'ang'a na Justin Sandefur waliandaa jaribio katika shule zilizotawanyika nchi nzima. Katika baadhi ya shule mwalimu wa mkataba alisimamiwa na shirika la kimataifa lisilo la kiserikali, katika nyingine alisimamiwa na wizara. Mkataba ulikuwa ule ule.

Chini ya shirika, alama za wanafunzi zilipanda. Chini ya serikali, hazikupanda hata kidogo. Walimu wenyewe hawakutofautiana sana kwa elimu wala uzoefu. Watafiti, waliochapisha matokeo yao mwaka 2018, walieleza kuwa upinzani wa kiutawala na wa kisiasa ulisababisha ucheleweshaji, na maneno yale yale ya mkataba yakaeleweka kwa namna mbili. Chama cha walimu kilikuwa kikipigania ajira ya kudumu kwa walimu hao. Mwalimu aliyeamini kuwa mkataba utaongezwa kutokana na kazi yake alifanya kazi kwa namna moja, na aliyeamini kuwa mgomo utampatia ajira ya kudumu alikuwa na sababu ndogo ya kuhofia tathmini ya mwalimu mkuu.

Madai ya walimu hao yalikuwa na haki yake. Kumlipa mtu robo ya mshahara kwa kazi ile ile ni jambo ambalo matokeo mazuri ya mtihani hayawezi kulihalalisha. Hali hiyo imejirudia kwa sura nyingine: mwaka 2024, walimu wanagenzi zaidi ya 40,000 wa sekondari msingi waligoma wakidai ajira ya kudumu, masomo yakavurugika kwa wiki kadhaa, na serikali ikaahidi kuwaajiri. Mwalimu mkuu aliyeelezwa katika semina kuwa walimu wa mkataba hujituma zaidi alibaki na madarasa matupu, wala mgogoro huo haukuwa wake kuumaliza.

Kwa hiyo matokeo ya utafiti yakisomwa bila kuuliza nani aliyetekeleza, nani aliyelipa na mwalimu alitarajia nini kesho, yanaweza kumpotosha kiongozi wa shule kwa urahisi. Shule zilizoshiriki zilikuwa na gari la mradi lililofika mara kwa mara. Shule yake haina.

Vitabu, mikondo na mwongozo wa mwalimu

Jaribio la mwanzo kabisa la Busia, lililoanza mwaka 1996, lilihusu vitabu vya kiada. Shule zilizokuwa na vitabu vichache mno zilipelekewa vingi. Paul Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin waligundua kuwa wastani wa alama haukubadilika. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa juu tangu mwanzo. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa vijijini, na mtaala ulimlenga mtoto wa mjini aliyekwisha kuimudu. Waliobaki walipewa vitabu wasivyoweza kuvisoma.

Katika jaribio la walimu wa ziada lililotajwa juu, shule 121 zilikuwa na darasa la kwanza moja tu kabla ya kugawanywa. Nusu ziligawanya watoto bila kujali uwezo, nusu nyingine zikawapanga katika mikondo miwili kwa kufuata alama za mwanzo. Mikondo ya aina hii huchukiwa na wazazi wengi, na kwa sababu nzuri, maana mkondo wa chini mara nyingi huwa ghala la waliokatiwa tamaa. Lakini baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizopanga mikondo walikuwa mbele, wa mkondo wa chini wakiwemo, na faida ilionekana hata mwaka mmoja baada ya mpango kumalizika. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu aliye mbele ya watoto wanaokaribiana aliweza kuanzia pale walipo.

Kuna jambo moja ambalo wanaonukuu matokeo haya hulisahau: mwalimu yupi apewe mkondo upi liliamuliwa kwa bahati nasibu. Mwalimu bora hakuwekwa moja kwa moja kwenye mkondo wa juu, kama inavyofanyika katika shule nyingi pale uamuzi unapoachwa uende wenyewe. Mwalimu mkuu anayepanga mikondo kisha akampeleka mwalimu wake dhaifu kwa watoto walio nyuma hatekelezi utafiti huo.

Miaka mingi baadaye Kenya ilionyesha kuwa serikali nayo inaweza. Mpango wa Tusome, ulioanza kitaifa mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani baada ya majaribio ya miaka kadhaa, ulifika katika shule za umma zipatazo 23,000. Kila mtoto wa madarasa ya chini alipata kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, kila mwalimu akapata mwongozo wa somo la kila siku, na maafisa wa kusaidia mtaala wakapewa tableti za kurekodi walichokiona darasani pamoja na nauli iliyolipwa kwa kadiri ya ziara walizofanya. Usomaji ulipanda. Benjamin Piper na wenzake, waliochambua majaribio yaliyotangulia, walikuta mafunzo kwa walimu peke yake yalileta tofauti ndogo. Tofauti kubwa ilikuja pale mafunzo, vitabu na mwongozo vilipokwenda pamoja.

Mwaka 2019 timu ya Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan ilichapisha matokeo yanayofanana na hayo kutoka Tanzania, katika shule 350 zilizoshiriki mpango wa KiuFunza wa taasisi ya Twaweza. Fedha za ruzuku zilizopelekwa moja kwa moja shuleni hazikupandisha alama. Zilipandisha pale zilipoambatana na motisha kwa walimu kwa kila mwanafunzi aliyefaulu jaribio. Mwalimu mkuu aliyepokea fedha bila jambo jingine lolote kubadilika alinunua chaki na karatasi, na darasa likaendelea kama jana.

Mtoto anayeshusha wastani

Kipimo ambacho mwalimu mkuu hukiogopa zaidi katika nchi zote tatu ni mtihani wa mwisho. Hapa ushahidi unatisha.

Nchini Uganda, timu ya watafiti akiwemo Derek Neal ilichunguza shule za vijijini ambako wanafunzi dhaifu hushawishiwa kuacha shule kabla ya darasa la saba ili wasiharibu matokeo. Walimu wa hisabati wa darasa la sita waliahidiwa malipo kwa kulinganisha kila mwanafunzi na wenzake wa kiwango chake katika shule nyingine, ili mtoto wa chini naye awe na thamani kwenye hesabu. Alama za jumla hazikupanda, ila watoto wengi zaidi walibaki shuleni: mwaka mmoja baadaye mahudhurio yalikuwa asilimia 60 badala ya 56. Faida ilionekana pale tu palipokuwa na vitabu vya hisabati.

Tanzania ilipoanza mwaka 2013 kutangaza nafasi ya kila shule chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, Jacobus Cilliers, Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea katika shule zilizoshika mkia ndani ya wilaya zao. Ufaulu wake ulipanda. Wakati huo huo, idadi ya watoto waliofanya mtihani katika shule hizo ilipungua, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi walizuiwa kufika darasa la mwisho.

Hakuna waraka uliomwagiza mwalimu mkuu kumwondoa mtoto. Aliulizwa tu, mbele ya wenzake kwenye kikao cha wilaya, kwa nini shule yake ni ya mwisho. Mtoto anayeambiwa arudie darasa la sita kwa mara ya pili, kisha mzazi akaombwa amtafutie ufundi, haonekani popote kwenye takwimu za ufaulu. Yeye ndiye gharama ya asilimia hizo zilizopanda.

Kilicho mikononi mwa mwalimu mkuu

Katika semina za uongozi hurudiwa mara nyingi kwamba uongozi wa shule ni wa pili kwa umuhimu, baada ya ufundishaji, miongoni mwa mambo ya shuleni yanayogusa matokeo ya mwanafunzi. Kauli hiyo inatokana na kazi ya Kenneth Leithwood na wenzake ya mwaka 2004, iliyotegemea zaidi tafiti za Amerika Kaskazini, ambako mwalimu mkuu ana sauti katika kuajiri na ana bajeti inayofika kwa wakati. Nchini Kenya walimu wa umma huajiriwa, huhamishwa na kuadhibiwa na TSC. Mwalimu mkuu aliyemjenga mwalimu mzuri wa kusoma na kuandika anaweza kumpoteza kwa barua moja ya uhamisho, naye mwenyewe akahamishwa muhula unaofuata.

Kinachobaki mikononi mwake ni kidogo kuliko kauli hiyo inavyodai, lakini si haba. Viviane Robinson wa Chuo Kikuu cha Auckland na wenzake walipokusanya tafiti 27 mwaka 2008, kitendo cha kiongozi kilichohusiana zaidi na matokeo ya wanafunzi kilikuwa kushiriki mwenyewe katika kujifunza pamoja na walimu wake. Hukumu, ukaguzi na hotuba havikufika hapo. Kushiriki maana yake ni kukaa nyuma ya darasa la pili kwa kipindi kizima, kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma aya fupi, kisha kuzungumza na mwalimu juu ya watoto watatu walioshindwa na nini kijaribiwe wiki ijayo. Afisa wa kusaidia mtaala hupita mara chache kwa muhula. Siku nyingine zote aliyepo ni mwalimu mkuu.

Kazi hiyo inahitaji saa, na saa hizo zinapaswa kutoka mahali fulani. Kazi za benki na za wakandarasi zikipewa naibu au mjumbe wa bodi kwa siku maalumu, asubuhi mbili za wiki zinapatikana. Walimu wakuu wengi watasema kuwa hilo haliwezekani pale ambapo naibu naye ana vipindi 35, na watakuwa wanasema kweli. Wizara inayotaka viongozi wa ufundishaji huku ikiongeza taarifa za kujazwa kila mwezi inajipinga yenyewe.

Sekondari msingi imeufanya ugumu huo uonekane wazi zaidi. Mwalimu mkuu mwenye cheti cha ualimu wa shule ya msingi anaingia katika darasa la sayansi la kijana mwenye shahada, ambaye chama chake kinadai sekondari msingi ijitegemee na iwe na uongozi wake. Akienda kama mkaguzi, atakuta mlango umefungwa. Akienda kuuliza ni wanafunzi wangapi wa gredi ya saba wasioweza kusoma maelekezo ya jaribio la maabara, kisha akaleta kumbukumbu za watoto hao tangu gredi ya tatu, ana kitu ambacho mwenye shahada hana.

Walimu wa sekondari msingi wameendelea kudai watenganishwe na shule za msingi. Walimu wa madarasa ya awali, ambao wenzao wa zamani walipewa baiskeli zote, sasa wanaajiriwa na serikali za kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya awali. Walimu wa msingi na sekondari msingi wako chini ya TSC, wakiwemo wanagenzi. Waajiri ni wawili, masharti ya kazi ni ya aina tatu, na uwanja ni mmoja. Daftari la mahudhurio bado liko juu ya meza ya mwalimu mkuu.